Kuku Aliyemeza Maneno ya Mzee Amisi

Kijiwe chetu hapa Kasongo ni ubao mmoja mrefu uliotolewa kwenye karoseri ya lori lililofia njia ya Kabambare. Umeandikwa MUNGU ANA, na mengine yalibaki kwenye lori, kwa hiyo kila anayekaa anamalizia anavyotaka. Mbele yake Mama Émérance huchemsha kahawa ya tangawizi juu ya makaa. Nyuma yake niko mimi na cherehani yangu, nashona huku masikio yakifanya kazi ya pili. Asubuhi ile ya Alhamisi wateja walikuwa watatu. Gaston tunamwita Direktere, kwa sababu zamani aliachiwa ufunguo wa ofisi ya shule direkta alipougua, na tangu hapo hajapona yeye. Iliasi, muuza vitenge, tunamwita Haji Bado: kila mwaka anasema mwaka huu anakwenda Makka, na ukimuuliza anajibu, "bado." Wa tatu ni Ayoubu wa pikipiki, anayeitwa Bila-Freni. Jina hilo halina haja ya maelezo.

Ayoubu hakuwa na utani siku hiyo. Kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, alitakiwa kwenda kwa Mzee Amisi, baba wa Hidaya, binti anayemchumbia. Tulikuwa tumeshakwenda huko wote kumtambulisha, kabla ya mvua kuanza, na Mzee alisimama mbele ya watu akasema, "Huyu ni mukwe wangu." Sasa ametokea mchumba mwingine, mfanyabiashara kutoka Kindu, mwenye viatu visivyojua matope, na Mzee ameanza kusema kwamba siku ile yeye alisema tu "tutaona."

Lakini siku ile simu mbili zilirekodi. Moja ya Gaston, moja ya Ayoubu mwenyewe. Na hapo ndipo maneno yalipoanzia.

— Direktere, video yako iko wapi? Haji Bado akauliza, ingawa alijua.

— Iko ndani, Gaston akajibu, akigonga mfuko wa shati.

— Ndani ya nini?

— Ndani ya telefone, bwana! Hii yangu haitaki karte ya memwari ya kuchomeka-chomeka kama za kwenu. Memwari yake yote ilizaliwa nayo. Giga mia mbili na kitu! Hakuna kinachopotea humo.

— Washa tuone.

Gaston akanywa kahawa kwanza. Simu yake ilitumbukia Lualaba pale Nyangwe, alipoinama kwenye mtumbwi ajipige picha na mto. Wavuvi waliitoa, lakini tangu hapo kioo ni cheusi kama chungu.

— Fundi anasema mpaka ifike Bukavu, akasema. Lakini video iko. Ni kama roho. Mwili unakufa, roho inabaki.

— Roho inayobaki ndani ya maiti ni shetani, akasema Haji Bado. Wahenga walisema, akiba haiozi. Hawakusema haizami! Yangu na ya Ayoubu ziko na nafasi ya karte. Telefone ikikufa, unatoa karte, unaweka ku ingine, maisha inaendelea.

— Telefone yenye nafasi ya karte ni telefone ya umasikini. Ni nyumba ya kupangisha chumba.

— Ni sheria ya dini, Direktere. Mwanaume akiwa na uwezo, nafasi ya kuongeza iko. Ninyi Wakatoliki munapewa moja tu, ikijaa munaanza kufuta-futa.

Mama Émérance akacheka mpaka kijiko kikaanguka. Gaston akasimama, maana hapo aliguswa dini na simu kwa pigo moja.

— Soma Biblia! Mungu alipomupatia Adamu mwenzake, alimutoa wapi? Ndani! Ku ubavu! Hakumuchomeka kutoka inje!

— Na ule ubavu ulitokaje? Si palikuwa na nafasi?

Ayoubu alikuwa akizungusha kikombe kitupu.

— Baba zangu, akasema, mimi kesho nakwenda kwa Mzee. Munisaidie kwanza, Adamu atangoja.

— Sikia, mwanangu, Haji Bado akamgeukia. Usiende na video ku telefone moja. Pikipiki yako inaruka-ruka, itaivunja. Toa karte, nipatie, niweke ku yangu, ninakili, nikurudishie. Kesho tunaingia kwa Mzee na mashahidi wawili. Haba na haba hujaza karte.

Shauri lilikuwa zuri. Ayoubu akaniomba sindano, akaitia kwenye kile kitundu kidogo ubavuni mwa simu, na kijisahani kikachomoka. Karte yenyewe ilikuwa ndogo kama ukucha wa mtoto mchanga.

— Munaona? Haji Bado akasema kwa fahari. Uzuri wa karte ni huu: inatoka!

Ikatoka kweli. Iliruka kutoka kwenye kijisahani, ikapiga goti la Ayoubu, ikaanguka chini karibu na mguu wa meza. Mahali hapo alikuwa amefungwa kuku wa Mama Émérance, jike jekundu la kutaga, ambaye tangu asubuhi alikuwa anaokota makombo ya maandazi. Akaigonga mara moja. Akanyoosha shingo. Tukaona kitu kikishuka shingoni.

Halafu Gaston akakaa taratibu, akakunja mguu juu ya mguu, uso uking'aa kama wa mtu aliyepokea sakramenti.

— Voilà, akasema. Sasa na yako ni memwari ya ndani.

Ayoubu alimdaka kuku kabla sijasimama. Alimgeuza kichwa chini, miguu juu, akamtikisa. Kuku akapiga kelele, Mama Émérance akapiga kelele kumpita kuku.

— Weka kuku yangu chini! Bila-Freni, weka!

— Mama, muke yangu iko mu hii kuku!

— Muke yako iko kwao! Mu hii kuku muko mayai!

— Tumuchinje, mama. Nitakuletea kuku mwingine, nitakuletea hata bata.

— Huyu anataga kila siku. Bata wako atataga video?

Haji Bado akainua mkono kama imamu anayetuliza safu.

— Hakuna kuchinja. Nabii Yunusi aliingia mu tumbo ya samaki, akatoka muzima, na hakusahau hata neno moja. Mambo yaliyoingia ndani yanatoka. Tungoje tu. Mvumilivu hula mbivu.

— Hiyo mbivu utakula wewe, akasema Mama Émérance.

— Yunusi alitoka ku mudomo, Gaston akasema. Hii karte haitatoka ku mudomo.

— Basi, mutaka cha uvunguni ainame! Ayoubu, mugeuze, uchungulie.

Na Ayoubu, mtu mwenye akili zake, dereva anayejua njia ya Lusangi hata kwenye matope, alimgeuza kuku na kuchungulia. Nilimwonea huruma, lakini nilicheka. Nilijichoma sindano kwa kucheka.

— Kitu kinanitia mashaka, Gaston akaendelea, maana sasa hakuna wa kumzuia. Kuku haihifadhi mahali pamoja. Iko na firigisi. Firigisi inasaga. Sasa video inaweza kusagwa, sauti ikaenda ku maini na picha ikaenda ku paja.

— Na kama ikiingia mu yai? akauliza Haji Bado, naye ameshashikwa na mzaha. Mama akiuza yai lile Kabambare, mutu akalila asubuhi, mchana anaanza kusema, "Huyu ni mukwe wangu, huyu ni mukwe wangu"?

— Au yai likianguliwa! Kifaranga kinatoka, kinasimama, kinasema maneno ya Mzee Amisi na sauti ya Mzee Amisi!

— Hapo hatakataa tena. Atabishana na kuku?

— Atasema kuku alisema "tutaona."

Walikuwa wanacheka mpaka machozi. Ayoubu hakucheka. Aliketi kwenye ubao na kuku mapajani, akimshika kama mtu anayeshika mtoto wa mgeni, na macho yake yalikuwa mekundu.

— Munacheka, akasema. Yule wa Kindu ataingia na maneno mazuri. Mimi niko na nini? Nilikuwa na ile video tu.

Kicheko kikakatika. Mama Émérance, ambaye muda wote alikuwa tayari kupigania kuku wake kwa kijiko, akamjazia kahawa bila kuombwa.

Hapo Hidaya akafika. Hatukumwona mpaka beseni lake la samaki lilipotua chini mbele yetu. Yeye hununua samaki wabichi kwa wavuvi wa Nyangwe na kuwauza sokoni, na kila mtu Kasongo anajua sauti yake. Kijiweni kwetu hakai. Siku hiyo alisimama.

— Shikamoo, mama. Papa Iliasi, Papa Gaston, shikamoo.

— Marahaba, binti yangu, wakajibu pamoja, wakijipangusa machozi.

— Ayoubu, unafanya nini na kuku ya watu?

Ayoubu akamtazama kuku kama anamwona mara ya kwanza. Ikabidi Mama Émérance aeleze: kijisahani, karte, shingo, maneno ya baba yake yaliyomo tumboni. Hidaya alisikiliza bila kutikisa kichwa.

— Kwa hiyo munatafuta maneno ya papa, akasema.

— Ndiyo, Haji Bado akasema. Ingawa sisi hatuhitaji video. Mimi nilikuwepo. Nakumbuka yote. Alisimama, akashika fimbo, akasema, "Huyu ni mukwe wangu."

— Alisema mara mbili, Gaston akaongeza. Ya pili alikohoa katikati.

— Na mujomba wangu?

— Mujomba alisema familia imefurahi. Halafu mbuzi ikakata kamba, ikaingia ku chumba ya wageni.

— Ikala mukeka, akasema Haji Bado. Nakumbuka hata mukeka. Ulikuwa na mistari nyekundu.

Hidaya akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayehakikisha hesabu ya samaki wake. Kisha akauliza, wala hakupandisha sauti:

— Na mimi, nilisema nini?

Nikaacha kukanyaga cherehani.

Gaston alipeleka mkono kwenye mfuko wa shati, penye ile simu iliyokufa, akauondoa.

— Ulikuwa... Haji Bado akasema. Ulikuwa umevaa kitenge ya njano. Nilikiuza mimi.

— Ilikuwa ya kijani. Na nilinunua kwa mwingine.

— Binti yangu, Gaston akajaribu, mwanamuke wa heshima siku kama ile ananyamaza. Na kunyamaza ni kukubali.

— Nani amesema nilinyamaza, Papa Gaston?

Sikumbuki nani aliangalia wapi. Mimi niliangalia sindano. Nilikuwepo siku ile, nilikaa karibu na mlango, nilikula wali, na nilikuwa nikikumbuka wali ule vizuri sana.

Hidaya alikuwa hatutazami tena sisi. Alimtazama Ayoubu.

— Na wewe?

Ayoubu akamweka kuku chini. Kuku akajikung'uta manyoya, akarudi kwenye makombo yake.

— Sikusikia, akasema. Niliona mudomo wako ikitembea. Lakini nilikuwa natazama ku telefone. Nilikuwa natazama kama karte imejaa.

Nilidhani Hidaya atacheka, au atamtukana. Hakufanya hata kimoja. Aliinama kuchukua beseni lake, na Ayoubu akawahi upande wa pili wa beseni.

— Rudilia, akasema. Tafazali. Sasa nasikia.

— Hapa? Mbele ya hawa?

Sote tukaanza kutazama mambo yetu. Haji Bado alipata mdudu wa kutazama hewani. Ayoubu akafunga beseni nyuma ya pikipiki kwa mpira, akaukamata usukani, na kwa mara ya kwanza tangu tumjue hakuiwasha. Aliisukuma. Wakaenda hivyo kwa miguu kuelekea sokoni, pikipiki katikati yao, Hidaya akisema na Ayoubu akiinamisha kichwa upande wake. Tulinyoosha shingo zote. Hatukusikia kitu.

— Anasema nini? Gaston akaninong'oneza, kana kwamba mimi nilikuwa karibu zaidi.

— Kunyweni kahawa yenu, akasema Mama Émérance. Ninyi kusikia si kazi yenu.

Ijumaa tulikwenda. Ayoubu alivaa kanzu nyeupe, mikono mitupu. Mtu wa Kindu alikuwa ameshakaa kwenye kiti kizuri, na Mzee Amisi alianza na lile neno lake, kwamba siku ile alisema tutaona, na wakati wa kuona umefika. Haji Bado alinibana kwa kiwiko, akingoja Ayoubu aape, abishe, ataje tarehe na mashahidi. Ayoubu akapiga goti moja mbele ya Mzee.

— Papa, mimi sikuja kubishana na maneno yako. Nimekuja kuomba kitu kimoja. Mumuulize Hidaya mwenyewe.

Uani wanawake wakaacha kuosha vyombo. Pazia la chumba cha ndani likasogea. Hidaya akatoka, akasimama penye mlango, mahali pale pale, sasa nakumbuka, aliposimama siku ile ya kwanza.

— Namutaka Ayoubu, akasema. Na biashara yangu ya samaki siiachi.

Mtu wa Kindu akatazama viatu vyake. Mzee Amisi alimtazama binti yake, fimbo magotini, na sauti ilipomtoka ilikuwa ndogo kuliko tulivyoizoea.

— Kumbe ulikuwa na neno. Mbona siku ile haukusema?

— Nilisema, Papa, Hidaya akajibu. Mulikuwa munapiga picha.