Kofia Isiyo na Jina

Marehemu kaka yangu alizaliwa tarehe 9 Juni 1963, kifungua mimba wa fundi redio na mama mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Nilimfuata mimi ninayesoma hapa, na tukawa wawili tu.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1977. Baba alipofariki mwaka uliofuata, alikalia cherehani ya mama akiwa na miaka kumi na tano ili mimi niendelee na masomo. Nikaendelea.

Mwaka 1988 alipata kazi iliyomtambulisha: kutarizi kofia na nembo za klabu ya wapenzi wa ndege ndogo. Kofia kumi na mbili za kwanza aliziharibu. Alikuwa hajawahi kuiona ndege ile kwa karibu, kwa hiyo gurudumu dogo linalokaa chini ya mkia yeye alilishona puani. Marubani walicheka mpaka machozi, kisha wakampeleka uwanjani, akaipapasa ndege kama mnunuzi wa ng'ombe. Alifumua zote. Tangu hapo mtaa mzima ulimwita Rubani, mtu ambaye hata ghorofa ya tatu hakuwahi kupanda.

Klabu ilikuwa na desturi yake: kofia hutiwa jina la mtu akishapaa, si kabla. Msimamizi wa desturi hiyo alikuwa kaka. Bwana mkubwa mmoja alimbembeleza atiwe jina mapema, akaambiwa aende kwanza akapae, uzi haukimbii.

Alifunga ndoa tarehe 4 Desemba 1993 na wifi yangu, mwoka mikate, wakajaliwa binti mmoja. Mwaka 1999 mama alipata kiharusi, akawa hawezi kuachwa peke yake. Kitanda chake kiliwekwa hatua tatu kutoka kwenye cherehani, na kaka akaishi katika hatua hizo tatu miaka kumi na minane, dirisha likitazama ukuta wa kiwanda. Klabu ilikuwa ikipaa Jumapili asubuhi, na saa hizo wifi alikuwa kazini. Mara tatu walimwekea kiti. Mara tatu niliahidi kuja kukaa na mama. Mara ya kwanza nilipata wageni, ya pili ilinyesha, ya tatu sina hata sababu ya kuwasomea. Siku hiyo rubani mkuu alimpigia simu kwamba injini imeshawashwa, naye akajibu, "Nendeni tu. Mama bado hajala." Mimi hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Mama alifariki mwaka 2017. Klabu ikamwekea kiti cha nne, na wiki hiyo hiyo moyo ukamwangusha. Daktari akampiga marufuku kupanda ndege. Aliugua miaka sita, akafariki tarehe 22 Agosti 2023, saa nne asubuhi, kwenye kitanda kile kile cha mama.

Kwenye droo ya cherehani tulikuta kofia yake. Gurudumu lipo mkiani, na chini ya ndege ameacha nafasi tupu ya jina. Rubani mkuu aliomba tulitie kabla ya maziko. Nilikuwa nimeshatunga uzi kwenye sindano binti yake aliponishika mkono.

"Shangazi, baba angekataa."

Nikaiweka sindano chini. Kofia iko kifuani pake, kama alivyoiacha.

Ameacha mjane, binti, wajukuu wawili, na mdogo wake aliyekosa Jumapili tatu, ambaye leo amewahi.

Mungu ampumzishe mahali penye nafasi.