Chovae Haikupewa Alama

Mazungumzo haya alinisimulia kwanza shangazi yangu Hafswa, mwaka 2004. Yeye ndiye aliyekuwa akiuza kahawa katika kambi yetu ya wakimbizi nje ya Mombasa, mwaka 1998, baada ya zile mvua kubwa. Wateja wake walikalia gogo la mnazi: Bakri “Nanga” wa Kismayo, Athmani “Kasa” wa Fuma, na Fuad “Redio” wa Chovae, visiwa viwili vya kwetu kusini mwa Kismayo. Asubuhi hiyo wageni wa shirika la misaada walitarajiwa, kuja kupima ni mahali gani kwetu panapostahimili mafuriko na ukame. Kambini ilisemwa kwamba watu wa mahali patakapoonekana imara watarudishwa kwanza. Fuad alimwomba Mungu kisiwa chake kionekane dhaifu: mkewe Zuleikha alikuwa kwenye dawa za kifua kikuu, na Chovae hakuna zahanati.

— Kasa, ustahimilivu hupimwa kwa nini? akauliza Nanga. Kwa futi au kwa kibaba?

— Kwa kuku. Dhoruba ikipita, tazama kuku watarudi lini kutaga. Fuma walitaga upepo haujatulia.

— Kuku wenu wana wazimu! Mto Juba ulipofurika, jamaa zetu wa mtoni walipika juu ya mapaa. Haba na haba hujaza kibaba!

— Hiyo ni ya akiba, Nanga.

— Kwani maji si akiba?

Kasa akamgeukia Fuad.

— Redio, leo betri zimekwisha?

— Chovae ni dhaifu, akasema Fuad. Mchu, mtu mmoja tu, akipiga chafya, kisiwa chazama.

— Kweli, akasema Nanga. Kiangazi kikianza tu, mwaja Kismayo na madumu kuomba maji.

— Nani? Sisi? Fuad akasimama. Sisi tuna jabia la mawe, la babu zetu! Kabla ya masika kijiji kizima twaingia ndani, twasugua, twapaka chokaa. Maji ya masika haya twayanywa hadi masika yajayo. Iweke Chovae kwenye mzani, mzani utavunjika!

— Ewaa! akasema Kasa. Waambie hivyohivyo. Utakuwa wa kwanza kupanda chombo, wewe na Zuleikha wako.

Fuad akaketi polepole.

— Usijali, Nanga akamfariji. Mcheza kwao hutunzwa.

Layla, binti wa Kismayo aliyeingia kambini juzi, alikuwa akingoja birika lake lijazwe.

— Kaka Fuad, akauliza, na mwaka huu jabia hilo kalisugua nani?

Nanga akaanza kuhesabu kwa vidole, Kasa akamsaidia. Wachovae wote waliowajua walikuwa kambini.

Wageni walipofika, Fuad hakukisifu kisiwa wala hakukiponda. Aliwauliza swali la Layla. Nao wakauruka mstari wa Chovae kwenye karatasi yao. Chovae haikupewa alama, na mwaka ule hakurudishwa mtu huko.

Bakri alifariki Mombasa, Athmani Ulaya. Fuad na shangazi Hafswa nao wametangulia. Layla yu hai. Zuleikha alimaliza dawa zake, yu hai.