Pazia la Koridoni

Asubuhi hiyo benchi lilijaa, lakini akili ya Fundi Cherehani haikuwa kwenye kahawa. Alikuwa akitazama ng'ambo ya barabara, lango la zahanati. Dada yake alikuwa ndani. Mara tatu alikwenda na uvimbe wake kwenye titi, mara tatu akarudi hajapimwa, maana wanaolipa hupimwa nyuma ya pazia, wasiolipa koridoni, kitanda kiko wazi, foleni nzima inatazama. "Bora nife na nguo zangu mwilini," alisema. Basi jana Fundi alishona pazia, akabeba nyundo na kamba, akaenda kulitundika mwenyewe bila kumwomba mtu ruhusa. Benchi likapata la kusema.

— Watakuweka ndani, alisema Waziri, ambaye hajawahi kuwa waziri wa chochote. Lile jengo lina wenyewe!

— Waniweke. Nitawashonea na pazia la rumande.

— Jamani, siri yote ni pazia, akadakia Kipara, kinyozi. Wenye nazo wanapona haraka kwa nini? Ugonjwa ukifungiwa pazia unachoka, unaondoka zake!

— Acha uongo wewe!

— Haki ya Mungu! Nilitundika moja pale kibandani kwangu, jino likaacha kuuma.

— Basi madaktari wote waende nyumbani, wabaki mafundi cherehani!

Wakacheka hadi benchi likalia. Fundi hakucheka. Roho ilikuwa juu: je, akirudi tena hajapimwa?

Mara dada yake akatoka langoni, mwendo wa haraka, kichwa juu.

— Wamenipima, mdogo wangu! Uvimbe bado mdogo, wanautoa wiki ijayo. Na unajua nini? Daktari alipiga hodi. Kwenye pazia! Akangoja mpaka niseme karibu.

Fundi akamkumbatia, machozi yakamtoka mbele ya wote, na hakujali. Kipara akapiga vigelegele kama mama wa bwana harusi.

Wakiwa katika furaha hiyo, bibi mmoja mgeni akavuka barabara, kadi ya zahanati mkononi.

— Samahani, wanangu. Nimeingia humo nikachanganyikiwa. Wanaolipa wako upande gani, na sisi upande gani? Kila ninapotazama naona pazia.

Waziri akanyoosha kidole kulia, kisha kushoto. Kipara akakuna upara. Sasa Fundi akacheka, na hakumbuki siku aliyowahi kufurahi vile.