Mlima Nyuma ya Ikulu ya Mtemi

Sogeeni hapa karibu, Ng'washi, na wewe Modesta, hiyo chai iache kwanza, maana leo pumzi ninayo kidogo na sitaki kurudia maneno. Mimi Antoni Shimba, baba yenu, niliyeandika vibao vya maduka ya Mabatini mpaka mgongo ukapinda, ninaongea nikiwa na akili zangu timamu. Asije mtu kesho kusema mzee alikuwa anaweweseka.

Nyumba hii msiiuze. Kiwanja cha Pasiansi ni cha Modesta, ndiye aliyeniogesha tangu nianguke, na anayetaka kununa anune sasa hivi nimwone. Ngazi, brashi na makopo ni vya Ng'washi, kwa sababu mkono wake ni mzuri, hilo sikatai, ingawa kichwa chake kimeshikwa na hawa wafanyabiashara wapya. Tangu ruksa ya biashara iingie mji huu kila kitu kina mnunuzi: sangara anapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tunabaki na mapanki, kichwa na mifupa, halafu tunaambiwa tushukuru. Sawa. Lakini ile picha ya ikulu ya mtemi haiuzwi. Nimesema mara ngapi? Nimesema nikiwa mzima, nimesema nikiwa kitandani, na bado nasikia yule bwana wa hoteli mpya ameingia sebuleni kwangu akaipima kwa futi utadhani anapima mlango.

Nisikilizeni vizuri, maana naona hamjui hata mnachotaka kuuza. Zamani, Waingereza hawajafika, padri mmoja Mzungu alikaa mbele ya ikulu ile, kule kwetu ng'ambo ya ziwa, akaichora yote: nyumba kubwa ya mtemi, ua wa minyaa, zizi, na nyuma kule, juu ya mawe, msichana mmoja ameinama anasaga mtama. Msichana huyo ni bibi yenu, mama yangu mimi. Padri alimwamuru asitikisike, shingo ikamuuma, unga haukuisha, na jioni akachapwa kwa uvivu. Alimlaani padri yule mpaka anazeeka. Picha ikatundikwa kwenye baraza la mtemi, na nilipojifunza rangi, mama akanishika mkono akanipeleka, akaniombea ruhusa ya kuinakili, nami nikakaa pale na ubao wangu, nikaifuata jiwe kwa jiwe. Utemi ulipofutwa, nyumba zile zikaanguka, watu wakabeba miti kwenda kujengea, na picha ya padri ikaliwa na mchwa huko stoo. Imebaki hii ya kwangu. Mama hakuwahi kupigwa picha ya kamera hata siku moja. Huyo wa kwenye ubao, mdogo kama ukucha, ndiye mama niliyebaki naye.

Sasa huyo bwana anataka nini? Anasema watalii hawataielewa, iongezwe Mlima Kilimanjaro kwa nyuma. Kilimanjaro, Usukumani! Nilicheka mpaka kikohozi kikanishika, nikadhani yameishia hapo.

Ileteni basi. Modesta, itoe ukutani uniwekee magotini, niwakabidhi kwa mikono yangu. Mbona mnatazamana? Nimesema ilete.

Inanata. Ng'washi, mbona inanata?

Fungua dirisha. Fungua lote. Hii nyeupe ni nini? Theluji? Umepaka theluji juu ya mawe yetu, baba yako amelala chumba cha pili? Usiniambie amekuahidi kuta za hoteli nzima. Wala usiniambie samahani. Mama yangu yuko wapi? Umemfunika bibi yako kwa theluji, na wala hukujua kama yupo, kwa sababu kila nilipokuita nikuonyeshe ulikuwa na haraka! Nimechoka na ninyi. Nimechoka kuongea kwenye nyumba ambayo kila mtu anaitika "ndiyo baba" halafu anakwenda kufanya lake. Inaniuma, wanangu. Hata kufa inabidi nife nikigombeza.

Acha kulia, machozi hayafuti rangi. Modesta, lete kitambaa, na mafuta ya taa yaliyo kwenye koroboi. Rangi yangu ilikauka kabla ninyi hamjazaliwa, hii ya jana bado mbichi, itakubali kutoka. Nishikeni mgongo. Hivi. Unazungusha taratibu, husugui. Haya, jiwe la kwanza hilo linatokea. La pili... Ah. Mkono huu umekwisha. Shika wewe, Ng'washi. Ndiyo, wewe, nani mwingine? Umeupandisha huo mlima, sasa ushushe.

Endelea huku unanisikiliza. Yule bwana akija msimtukane. Nyuma ya kabati kuna ubao mpya. Mchoree humo ikulu yoyote anayoitaka, na milima mitatu, na simba juu yake kama anapenda. Hiyo ni kazi, na kazi sikukatazi. Hii ibaki ukutani, hapo wajukuu wanapokula, na hata ikififia msiiguse kwa brashi. Muwaonyeshe huyu bibi yenu kabla hawajajua kusoma. Mimi mnivushe kwa feri ya Kamanga, mnizike ng'ambo, shambani kwa mama. Msiniache hapa mjini.

Ngojeni... nipate pumzi.

Modesta, Mungu akupe watoto wa kukuogesha kama ulivyoniogesha. Ng'washi, inamisha kichwa nikiguse. Mkono wako usitetemeke mpaka uzee, na macho yako yajifunze kutulia. Nimekusamehe, ingawa hasira bado ninayo. Unanuka mafuta ya taa. Hapana, usiende kunawa. Endelea.

Polepole hapo. Hapo nilipaka kwa ncha tu ya brashi. Modesta, mimi sioni tena vizuri, niambie wewe. Mgongo umetokea? Na mikono je... iko juu ya jiwe?

Basi. Msimsumbue tena. Mwacheni asage.