Babu Koki, Mbana Kisigino wa Kisima Namba Saba

Waliotafuta mtu wa kuandika wasifu huu walinijia mimi moja kwa moja, na hawakukosea. Katika uwanja huu wa mafuta hakuna bomba, msumari wala tone linalopita bila mimi, Mjomba wa stoo, kujua. Mkurugenzi mwenyewe akija husalimia geti, kisha mimi, wengine baadaye. Basi kwa mamlaka hayo natangaza: fundi wetu wa vali, ambaye sote tunamwita Babu Koki, anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini, baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Ishirini na miwili kati ya hiyo tumelala chumba kimoja, kitanda chake dirishani, changu mlangoni.

Kwa wageni nieleze kazi yake, maana wahandisi wakieleza watu husinzia. Visima vyetu haviendi chini tu. Vikifikia mafuta hupinda na kulala ndani ya mwamba, kilomita nzima na ushee. Panapopinda tunapaita kisigino, na kule mwisho tunapaita kidole. Bomba huvuta kwa nguvu zaidi kisiginoni, kwa hiyo mafuta ya hapo huingia mbio, halafu maji ya chini hupanda kwa njia hiyo hiyo na kujaa bomba, huku mafuta ya kidoleni yamebaki kule kule yakishangaa. Babu Koki alikuwa akifananisha na foleni ya kantini: wa mbele wakiachiwa upawa, wa nyuma watakunywa mchuzi mtupu. Kazi yake ilikuwa kushika upawa. Kisigino alikipa matundu madogo, kidole matundu makubwa, na katikati akaweka vali za kufunguliwa na kufungwa kutoka huku juu, kila sehemu ilete kwa kiasi chake.

Kisima namba saba kilitutoa jasho. Kila mapipa kumi yaliyotoka, sita yalikuwa maji. Makao makuu wakaagiza vali zote ziachwe wazi. Babu Koki akazifunga mbili zilizo karibu na kisigino. Siku hiyo hiyo kilichotoka kikapungua, na mkuu wa huko akapiga simu kwa ukali, akauliza kama kisima kulala ndiyo ruhusa ya fundi naye kulala. Babu Koki akamjibu polepole kwamba kisima kinalala, bosi, ila maji hayalali, akaomba siku kumi na moja. Siku zote hizo alipanga chupa za sampuli kwenye dirisha letu, kila moja na tarehe yake, akitazama maji yakijitenga na mafuta. Mimi nilimlinda. Nilisimama mlangoni na spana ya kilo ishirini mkono mmoja, wahandisi wanne waliotumwa kufungua vali wakaona bora warudi walikotoka. Siku ya kumi na moja ilipofika, maji yalikuwa mapipa mawili tu kati ya kumi. Barua ya pongezi ilikuja. Babu Koki aliifanya kifuniko cha kikombe.

Shule niliiacha mapema, au yenyewe iliniacha. Ninachojua kuhusu visima nimekipata kwake. Yeye naye amezibeba hadithi zangu. Ile ya bomba nililoliinua peke yangu baada ya watu wanane kushindwa ameisikia labda mara mia tatu, na watu wenyewe sasa wamefika kumi na wanne. Hajawahi kuniambia nimeshamsimulia. Husema tu, ehee, halafu? Nami naendelea.

Zamani tulikuwa arobaini hapa kambini. Siku hizi vali zinaangaliwa na vijana walioko mjini, kwenye skrini, na kantini wanatandika meza moja. Saa kumi na mbili jioni mkewe hupiga simu kumuuliza kama amekula, na kabla ya kukata humwambia, msalimie Mjomba. Simu yangu mimi, nashukuru, haina usumbufu. Nimeambiwa kuanzia Jumatatu naweza kuhamia kitanda cha dirishani, eti kuna hewa nzuri. Nimesema nitafikiria.

Babu Koki, ahsante kwa kubana palipostahili kubanwa na kufungulia palipostahili kufunguliwa. Nenda kwa shemeji ukale chakula kikiwa moto. Utembee bila kofia ngumu, ulale mpaka uchoke kulala, na king'ora kikisikia jina lako kinyamaze. Sisi huku tunakuombea siku nyingi na nyepesi.

Jambo moja dogo, kwa vile ofisi imeuliza. Mstaafu haondoki mpaka stoo igonge muhuri kwenye fomu yake ya kurudisha vifaa. Nilisema muhuri umepotea, na tangu Jumanne watu wanautafuta. Babu Koki mwenyewe nimemwona amepiga magoti chini ya rafu na tochi, na goti lake bovu lile. Haukupotea. Uko kwenye mfuko wa shati langu, na wino umeshapenya hadi kifuani.