Jiwe la Pete ya Saumu

Kama hujakaa kwenye benchi la Nasoro, basi mji wa Baraka umepita tu, hujafika. Liko pale njia ya sokoni inapokata kona kushuka ziwani: ubao mrefu juu ya tofali, jiko la makaa, birika la shaba, na kahawa ya tangawizi inayokuna koo. Hapo ndipo wanaume waliomaliza kazi, pamoja na wale ambao hawajaianza, hukaa kuirekebisha dunia. Alasiri hiyo ya kiangazi dunia ilipewa likizo. Wote walikuwa wameiinamia baiskeli iliyopinduliwa miguu juu, na mwenye baiskeli, Uledi, fundi wa kuziba mipira ambaye kijiweni wanamwita Pedali, alikuwa amechuchumaa kando yake huku jasho likimtiririka hadi kidevuni.

Uledi hakuwa anacheza. Mkewe Saumu alikuwa na pete ya fedha yenye jiwe jekundu la akiki, aliyoachiwa na bibi yake wa Ujiji. Jiwe likaanza kulegea. Uledi, kwa kujifanya fundi wa kila kitu, akasema, "Leta nikaze." Akaweka pete juu ya chuma, akagonga nyundo jinsi anavyogonga pini ya pedali. Pa! Akiki ikawa unga. Saumu hakulia wala hakutukana. Alichukua pete yake, akafunga nguo zake, akaenda kwa mama yake kule Lweba. Neno aliloacha mlangoni ni moja: "Utakuja siku uko na jiwe." Tangu mvua ziishe, masikini, Uledi alikuwa anakula ugali wa jana na kulala upande mmoja wa kitanda, ule mwingine haugusi. Alimkumbuka mwanamke yule mpaka hamu ya kuziba mipira ikamtoka.

Ndipo kaka yake, mpishi kwenye kambi ya wazungu wapima mawe kule Lulimba, alipomletea kisahani cha chuma walichokitupa, chembamba, ukingo wake umeshikizwa unga wa almasi. Wazungu hukatia miamba kwa kitu hicho. Uledi akakikaza kwenye mtaimbo mfupi kati ya magogo mawili, akaufunga mtaimbo na gurudumu la baiskeli kwa mkanda wa mpira wa ndani. Ukizungusha pedali kwa mkono, kisahani kinavuma. Jiwe jekundu aliloliokota mtoni Mutambala alilibandika kwa nta kwenye kijiti. Mashine ilikuwa tayari, na watu walikuja kuitazama hata kutoka Nundu.

Ila haikati. Inalia, inatoa harufu ya kuungua, nta inayeyuka, jiwe linaanguka mchangani.

— Mi nilisema tangu asubuhi, alisema Norbert, seremala, ambaye jina lake la hapo ni Randa. Iko na meno hii? Tazama. Musumeno bila meno njo kitu gani? Sahani ya kulia ndagala!

— Meno yake njo ile unga ya almasi, alisema Uledi.

— Meno ya unga! Baba, batu banakulaga unga, unga haikulaki batu. Nipe tupa, niichonge meno ya kweli.

— Ulishachonga jana, Randa.

Ilikuwa kweli. Jana Norbert alikuwa amekaa na tupa yake nzuri akikichonga kile kisahani meno, na tupa ndiyo iliyokwisha, ikawa laini kama kijiko. Hakuna aliyethubutu kumkumbusha isipokuwa Uledi, ambaye siku hizo hakuwa na cha kuogopa.

— Munakosa bote, alisema Nicolas. Huyu aliwahi kufagia biro ya Territoire, ofisi ya serikali, kule Fizi, na kwa sababu hiyo anaitwa Biro, na kwa sababu hiyo anajua yote. Akaendelea: almasi inatoka Kasai, si njo? Jiwe linatoka Mutambala. We ukitoka Fizi kwenda Kasai, utafika bila karatasi ya njia?

— Hapana, alikiri Norbert.

— Basi na almasi njo vile. Imekuja huku bila karatasi. Inaogopa kufanya kazi.

— Almasi inaogopa polisi?

— Mi sisemi inaogopa. Ninasema haijaandikishwa.

Nasoro alimimina kahawa, akatikisa kichwa kwa huruma ya mtu anayejua zaidi.

— Bwana Biro, karatasi si shida. Jiwe hili ni dume. Muangalie wekundu wake. Na almasi ni dume pia. Ukifunga madume mawili ya ng'ombe zizi moja, utasikia nini? Kelele. Maziwa utapata?

— Ee! alisema Norbert. Njo maana inalia!

— Basi Pedali atafute jiwe jike.

— Utajua je jiwe ni jike?

— Unaliweka na lingine. Mwaka kesho unakuta changarawe.

Walicheka mpaka Norbert, aliyekuwa anazungusha pedali, akaiachia. Uledi hakucheka. Aliliokota jiwe mchangani, akalipuliza, akaanza kuyeyusha nta upya juu ya makaa ya Nasoro. Vidole vyake vilikuwa vimeungua vyote.

— Batu bangu, mucheke, alisema. Lakini mi ninataka bibi yangu Saumu arudi.

Hata Nicolas aliona haya. Lakini haya ya Nicolas haidumu.

— Sikia, Pedali. Hiyo almasi, kabla ya kuwa hapa, ilikuwa kambini Lulimba. Mbele ya kambi, meli. Mbele ya meli, treni. Safari yote hiyo! Mugeni akifika kwako amechoka, unamukamatisha jembe?

— Hapana.

— Unamufanya nini?

— Unamupa kitu ya kunywa, alisema Norbert.

— Mutu alishamupa?

Hakungoja jibu. Alisimama kwa heshima zote, akanyoosha mkono, akasema, "Karibu Baraka, mama almasi," na kukimiminia kisahani kikombe chake chote.

Ilikuwa masihara tu. Lakini Norbert alikuwa anazungusha pedali tena, na Uledi alikuwa ameshaegemeza jiwe. Kisahani kikapoa, kile kilio kikakatika. Pakasikika mlio mwingine, mnene, wa kukoroma, na matope mekundu yakaanza kuchuruzika kwenye gogo.

— Inakula! Uledi alipiga kelele. Inakula! Mimina!

— Hiyo kahawa ya watu! alisema Nasoro.

— Mimina, Nasoro, mimina!

Nasoro akamimina, huku akilaani na kucheka. Birika likaisha. Na jiwe likagawanyika pande mbili, uso wake umelala laini, rangi ya papai lililoiva vizuri. Uledi alilishika mbele ya jua, akalilamba, akalitazama tena. Akakaa chini palepale kwenye matope ya kahawa.

— Njo nilisema, alisema Nicolas. Karatasi, ao kikombe. Kimoja kati ya hivyo.

Sasa wakaanza kugombania umbo. Norbert alitaka pembe nne, kama meza. Nasoro alitaka umbo la yai. Nicolas alitaka umbo la almasi ya malkia, ambayo hakuwahi kuiona. Katikati ya kelele hizo mwanamke akasimama njiani, kitunga cha mihogo kichwani, na Uledi akaruka kama ameumwa na siafu. Alikuwa Mama Saumu, mama mkwe wake.

Pale kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni, wala hawasemezani; neno hupita kwenye kinywa cha mtu wa tatu. Uledi akajificha nyuma ya mgongo wa Norbert, kijiti mkononi. Mama Saumu akaweka kitunga chini, akawageuzia mgongo, akatazama ziwa.

— Randa, uliza uyu mutu iko nyuma yako. Anafanya nini?

— Anakata jiwe ya pete, mama.

— Vizuri. Muulize, atalikata kwa kipimo gani?

Norbert akageuza kichwa. Nasoro akachungulia ndani ya birika. Uledi akakigeuza kijiti mkononi. Pete iko Lweba. Tundu la jiwe pana, jembamba? Aliwahi kuitazama vizuri mara moja tu, na mara hiyo alikuwa na nyundo.

— Anasema nini?

— Anageuza kijiti tu, mama.

— Mmh. Habari ya mashini hii imefika Lweba yote. Nilimwambia Saumu: ninaenda Baraka kulala kwa dada yangu, vua pete nimupelekee, apime. Akakataa.

— Muulize alikataa juu ya nini! alisema Uledi nyuma ya mgongo.

— Mama, anauliza…

— Mi si kiziwi. Saumu alisema pete haitoki. Nikavuta mi mwenyewe. Kweli, haitoki.

— Kidole kimevimba? aliuliza Norbert.

— Kimevimba wapi! Mama Saumu alisema, na sauti yake ikalegea. Saumu alikunja kidole kusudi. Alisema mwenye kupima akuje apime na kidole ndani.

Uledi akafanya haraka yote ambayo hakuwahi kuifanyia mteja. Akachomoa mkanda, akafungua kisahani, akakifunga ndani ya shati lake, akaufunga mtaimbo kwenye keria. Norbert akashika upande huu, Nicolas upande ule, wakaipindua baiskeli ikasimama tena kwenye magurudumu yake. Magogo yatapatikana Lweba. Maji yapo, ziwa zima. Uledi akapanda, tumbo wazi, akashika barabara ya kaskazini bila kuaga, vumbi likampanda mgongoni.

Mama Saumu ndipo alipogeuka, akaona kitu kimesimamishwa penye tofali la benchi.

— Uledi! Wee Uledi! Jiwe!

Lo! Benchi zima likashika kinywa. Mama mkwe amemwita mkwe kwa jina lake, barabarani, mchana kweupe. Uledi alipiga breki mpaka akayumba, akarudi anasukuma baiskeli, macho chini kabisa. Mama Saumu alikuwa ameshageukia ziwa, kijiti amekishika nyuma ya mgongo. Uledi akakipokea kwa mikono miwili.

— Aksanti, mama, alisema. Neno lake la kwanza kwake tangu aoe.

— Randa, alisema Mama Saumu, muambie sikusikia kitu. Na akanyage pedali, njia ni mbali.