Dawa kwa Nuru, Kabla Miguu Haijakataa

Mgeni rasmi, Dokta Clémentine, wewe unayeongoza utafiti wa dawa mpya za kupambana na virusi vya polio,

KARIBU KINDU

Sisi wa Chama cha Tutembee tunakupokea kwa moyo wote, wengi wetu tukiwa tumeshika magongo. Utuwie radhi kama risala hii ina haraka.

TULIKOTOKA

Wakati wa vita treni haikufika tena, na chanjo pia. Ndugu yetu Idrissa alikuwa mutoto mudogo. Mama yake alikimbia naye mgongoni kuelekea Kailo, na homa ikamshika msituni. Alipomtua, miguu ilikataa. Mama akawaambia wenzake kwamba mtoto amechoka tu, kesho atasimama. Kila mmoja wetu ana kesho ya namna hiyo.

TULICHOFANYA

Leo tunachomelea magongo yetu wenyewe. Wachanjaji wakifukuzwa mlangoni, wanatuita. Hatuhubiri. Tunaonyesha miguu, na mlango unafunguka.

LINALOTUKOSESHA USINGIZI

Idrissa ana binti, Nuru, wa miaka minne. Alichanjwa, lakini alizaliwa na mwili usio na kinga ya kutosha. Labo ilikuta virusi vya polio tumboni mwake, na kila wakipima tena, vingali vipo. Bado havijagusa miguu. Madaktari wanasema vinaweza kuigusa siku yoyote, na vinaweza kuwafikia watoto wengine wasiochanjwa. Kila asubuhi baba yake anasimama kando ya kitanda.

“Nuru, shuka nikuone.”

Akishashuka, ndipo baba anakunywa chai.

MAOMBI

Tumesikia kwamba vidonge vyenu vinazuia virusi hivyo visiongezeke mwilini, ila mnavijaribu kwanza kwa watu wazima. Sababu tunaielewa. Havitaturudishia miguu, wala hatuviombi kwa ajili yetu. Siku mtakayoanza na watoto, msiipite Kindu. Idrissa ametuomba tuyasome maneno yake kama alivyoyasema: “Kama jibu njo hapana, aniambie hapa hapa. Kungoja kunanimaliza.”

Mgeni rasmi, mtoto anayekimbia nyuma ya viti tangu tuanze kusoma njo Nuru mwenyewe. Watu walitaka tumkalishe chini. Tulikataa.

Mungu aibariki mikono yako na ya wenzako uliowaacha kazini, naye asiwacheleweshe.

Ni sisi,
Chama cha Tutembee, Kindu

Imesomwa na Safia, mwenyekiti